Mgeni wa Mama na Kimpumu cha Watu

Aibu hii nilikusudia kufa nayo, lakini binti yangu ameshaitangaza mtaani kwetu Mazwi kote, kwa hiyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe, maana mimi angalau siongezi chumvi (nyingi).

Mnakumbuka nilikuwa Tunduma, mpakani, nikihangaika kuuza redio na betri, wakati ule biashara ilipofunguliwa na kila mwenye begi akajiona tajiri mtarajiwa. Nilirudi na koti la ngozi la mtumba, viatu vyenye ncha, na maneno mengi. Skola, niliyemwacha ananyonya, nikamkuta yuko darasa la kwanza, ananiamkia shikamoo kwa adabu zote kama anavyomwamkia katekista, halafu anakwenda kukaa mbali. Majirani wakimuuliza mimi ni nani, anajibu, "Mgeni wa mama." (Hebu fikirieni majirani walivyocheka.) Mimi nilicheka nao, ila moyoni iliniuma sana.

Basi Jumamosi moja nikasema nimpandishe milima ya Mbizi, kama nilivyokuwa nikipanda mwenyewe zamani kabla sijaota kitambi, labda huko juu tutazoeana. Mke wangu akatufungia viazi vitamu kwenye kikapu, nami nikakikataa kwa sababu, jamani, kikapu na koti la ngozi wapi na wapi? "Tutarudi kabla jua halijawa kali," nikamwambia.

Kupanda kwenyewe nilipanda kwa kuhema, Skola akitangulia na kunisubiri kwa heshima kila baada ya hatua chache, lakini tulifika, na upepo ulikuwa mzuri, na bonde lote la Rukwa likatandazika chini yetu na ziwa likimeta mbali kule. Mtoto akatazama weee, kisha akasema, "Kumbe dunia inaendelea." Nilifurahi kupita kiasi. Nikamnyooshea mkono tushuke wote, akaushika kidogo, akauachia.

Njaa ilitukuta njiani tukirudi. Tukapita ukingoni mwa shamba, tukakuta watu wamekaa kivulini, ugali wa ulezi umejaa, maharage yamejaa, na kimpumu, ile pombe yetu ya kunywa kwa mrija, kinafuka mvuke chunguni. "Karibuni," mama mmoja akasema. Sikungoja karibu ya pili! Skola akapewa chakula, mimi nikakamata mrija, nikanywa, nikala, nikasimulia Tunduma yote, na kwa kuwa tumbo likijaa mdomo hufunguka, nikasema maharage yangependeza zaidi yakitiwa kitunguu.

"Kwani hii sherehe ya nani?" nikauliza.

Wakatazamana, wakacheka. Nikadhani wamependa hadithi zangu.

Mara mzee mmoja akasimama, akachukua jembe, na wote wakasimama, na yule mama akanikabidhi jembe na mimi. "Haya, baba, ngwe yako ile pale." Ndipo akili ikanirudi. Mama huyu alikuwa mjane, alikuwa amepika pombe ili watu wamsaidie kulima matuta, na pale walikuwa wanapumzika tu. Anayekunywa pombe ya shamba analima shamba, hilo Mfipa yeyote analijua tangu utotoni, isipokuwa Mfipa aliyevaa koti la ngozi.

"Shikamoo mzee, mimi mpita njia tu," nikajitetea.

"Marahaba. Mpita njia huonja, mwanangu. Wewe umekunywa mpaka ukakosoa maharage."

Nikaingia shambani. Kukata nyasi na udongo, kuzipindua, kuzifukia zioze chini ya tuta, nilikuwa nimesahau kila kitu. Pigo la tatu soli ya kiatu ikaachama, nikajikwaa, nikaangukia uso kwenye rundo la nyasi, na nilipojaribu kuinuka suruali ikapasuka nyuma, mlio ukasikika hadi mwisho wa shamba. Wanawake wakapiga vigelegele!

Mzee, akifuta machozi ya kucheka, akamgeukia Skola. "Na huyu ni nani wako, binti?"

Nikabaki pale pale nimepiga magoti, nikitamani asijibu. Skola alikuwa amejishika tumbo, hoi kwa kicheko.

"Ni baba yangu!" akapayuka. Akaja mbio, akaanza kunisaidia kuvuta nyasi za tuta kwa mikono miwili.

Tulilima ngwe ile mpaka jua likapoa. Kurudi nyumbani nilijifunga koti la ngozi kiunoni, Skola nyuma yangu ameng'ang'ania mikono ya koti lisifunuke, akiniamuru nisitembee haraka.

Nimeapa, nikikuta watu wanakula ukingoni mwa shamba, nitauliza kwanza majembe ni ya nini. Lakini Skola bado anausimulia mkasa huu bombani hapo nje kila jioni, akianza na "Baba yangu juzi", na kila akisimulia naanguka mara nyingi zaidi. Jana nilisikia nimeanguka mara sita, nikasogea karibu na dirisha nimsikie vizuri.