Basi Nililolisimamisha Isipingo

Mimi ndiye msimamizi wa usafiri katika shule yetu ya binafsi hapa Durban, na suti yangu nyeusi inatangaza hivyo kabla sijafungua mdomo. Mkuu wa shule alishanionya: wilaya inaletea shule za serikali basi la kwenda mashindanoni, sisi wa binafsi lazima tuliombe wenyewe. Sikuomba. Kwetu Bukavu, serikali ikibeba watoto wa jirani, wako nao wanapanda.

Jumamosi hiyo nikasimama kwenye robot, taa za barabarani, pale Isipingo, nyuma yangu wanafunzi na sare zao, pamoja na wazazi. Basi likatokea. Nikalisimamisha kama trafiki.

"Baba, ni wewe wamekuweka hapa utuonyeshe njia?" dereva akauliza.

"Ni mimi! Eish, mumechelewa!"

Nikapandisha watoto wote, wazazi wakanipigia makofi. Ndani watu walikuwa wanaimba vizuri ajabu. Nikajua hao ni mashabiki, nikaimba nao, nikacheza hata kidogo.

Mama mmoja mwenye shali nyeusi akafuta machozi, akawashika wanafunzi wangu mikono.

"Poleni, wanangu. Marehemu alikuwa anawafundisha somo gani?"