Ujumbe wa Dhoruba Uliofika Jua Likiwaka

Mtaalamu wa hali ya hewa alifika Kabambare kwa pikipiki kutoka Kasongo, matope yamempanda hadi magotini, na bado alitutazama kana kwamba wachafu ni sisi. Alitukusanya nje ya ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya, akatuonyesha mlingoti wa kupima upepo na kompyuta mpya, ordinatere kama tunavyoiita, inayotumia umeme wa jua. Dhoruba ikikaribia, alisema, kompyuta itatuma ujumbe kwenye simu zetu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilinyoosha mkono.

"Na ordinatere ikizimika?"

Alicheka, akawageukia wakubwa kwenye viti vya plastiki, nao wakacheka kwa sababu yeye amecheka. "Mwalimu, hii haiwezi kuzimika. Wewe fundisha watoto. Mambo ya hewa utuachie."

Dada yangu mkubwa, mjane anayelima karanga kwenye njia ya Lusangi, alimwamini. Alasiri moja, mawingu yakiwa meusi tii, nilipita kwake nikamwomba twende shuleni, kwenye kuta imara. Alinionyesha simu yake.

"Ujumbe haujafika. Bado iko muda, acha nianue karanga."

Upepo ulitukuta tukizoa. Uling'oa mabati yote ya nyumba yake, kisha ukuta wa matofali mabichi ukamwangukia mkono. Nilimvuta kutoka kwenye udongo akipiga kelele, na mwenye pikipiki mmoja akatupeleka kituo cha afya, barabara ikimrusha na kumliza njia nzima.

Kesho yake nilikwenda ofisini. Karani alikuwa amekaa mbele ya kioo cheusi cha kompyuta, anachokonoa meno.

"Batri ilikufa tangu juma lililopita," alisema. "Tulijulisha Kasongo."

"Na sisi? Mulitujulisha?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipumbavu. Kengele ya kanisa iko ng'ambo ya barabara, angeweza kuigonga bila kutoa jasho. Lakini hakuagizwa, na watu wa aina yake wasipoagizwa hawakwepi hata mvua.

Mtaalamu alirudi na batri mpya, akaitisha mkutano mwingine. "Mfumo haukukosea," alisema. "Ni ordinatere tu ilizimika." Wakubwa wakaitikia kwa vichwa. Hapo akaiwasha, na simu zote uwanjani zikalia pamoja, jua likituchoma utosini: *Dhoruba kali inakuja. Ingieni ndani ya nyumba.*

"Munaona?" alisema, ametabasamu kweli. "Inatumika."

Dada yangu alisimama, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni.

"Niingie nyumba gani, baba?"

Mtaalamu aliinamia nyaya zake kana kwamba hakusikia.

Nyumba tulimjengea upya, sisi ndugu na jirani. Mkono haukunyooka tena. Kwenye kuvuna karanga anatumia wa kushoto. Mtaalamu, nasikia, amepandishwa cheo, na sasa anafundisha wenzake.