Kistari Kilichofutwa kwa Spiriti

Dada yangu mkubwa huosha chupa. Sisemi kwa dharau. Kazi hiyo ndiyo iliyomweka mjini, na miaka fulani iliniweka na mimi. Kwa miaka ishirini na tatu amekuwa mhudumu wa maabara katika shule ya wasichana. Wanafunzi humwita Mama Chupa, naye huitika bila kinyongo. Ukiingia maabara yake na viatu vya vumbi utarudishwa mlangoni, hata ukiwa mkuu wa shule. Doa analiona kabla halijakauka, na tabia hiyo hiyo ndiyo iliyomponza.

Shule ilikuwa na darubini kubwa iliyotolewa msaada. Ilisimama nyuma ya maabara, juu ya nguzo ya zege niliyoimwaga kwa mikono yangu, maana mimi ni mwashi. Mwalimu wa fizikia aliifunga hapo, akamfundisha dada kuitumia, kisha akahamishwa. Basi tukakoma. Kila nikienda kwao kula, mazungumzo ni sayari tu: Zuhura, Mshtarii, Zohali. Shemeji yangu alishazoea kuitikia "enhee" huku akilini ameshalala.

Darubini yenyewe hukaa kwenye kiti cha chuma chenye mihimili miwili. Wa kwanza umeelekezwa pale ambapo anga lote huonekana kuzungukia. Wa pili umepandikizwa juu yake. Kuna mota, kuna na rimoti: unaiambia nenda Zuhura, nayo inakwenda. Lakini mashine hiyo ni kipofu. Ukiwasha umeme inaamini tu kwamba iko kwenye mkao wake wa kuanzia, yaani mkono wa chuma wenye mzigo wa kusawazisha darubini, unaozunguka pamoja na mhimili wa kwanza, umeelekea chini barabara. Ukikosea hapo mwanzo kwa upana wa kidole, itakupeleka kwa kujiamini kabisa mahali pasipo na kitu.

Mwalimu alikuwa ameweka alama za mkao huo. Kwenye mhimili wa pili alikwaruza kwa msumari. Kwenye ule wa kwanza alipiga kistari cha kalamu ya wino, akaona kinatosha. Siku moja dada alikiona kistari hicho, akakidhania uchafu, akachukua pamba na spiriti na kusugua mpaka chuma kikang'aa. Alikuja kuniambia kwamba wakati anasugua alijisikia vizuri sana.

Tangu hapo darubini haikupata kitu. Usiku angeweza kuisahihisha kwa kulenga nyota angavu, lakini ile ni shule ya kutwa, na jioni lango hufungwa kwa kila mtu. Mchana Zuhura huwa ipo juu, ila kwa macho matupu hupati pa kuanzia kuitafuta. Wasichana walipanga foleni, wakachungulia mmoja mmoja, wakaona bluu tupu. Mkuu wa shule, mama asiyependa maneno mengi, akamwita ofisini.

"Kuna chuo kinaitaka ile darubini," alimwambia. "Ijumaa bodi inakutana. Ukiwaonyesha kitu, inabaki. Ukishindwa, Jumatatu wanakuja na gari kuichukua."

Shemeji ndiye aliyenieleza jambo hilo. Dada hakuwa anaogopa kufukuzwa kazi. Chupa zitakuwepo siku zote. Kilichomtafuna ni kwamba kitu kile kimoja alichokipenda kitaondoka kwa kosa la mkono wake mwenyewe.

Jumatano nilikuwa kwenye ukuta wa mteja, nikaingiza mkono kwenye mfuko wa zana kutafuta pima maji, kile kifaa chenye povu la kupimia mlalo, sikuipata. Sikuhitaji kuuliza mtu; jana yake dada alipita kwangu. Nilikwenda moja kwa moja shuleni, saruji mpaka kwenye nyusi, nimefura. Nilimkuta dada ameulaza ule mkono wa mzigo kwa ubavu, pima maji yangu iko juu yake, anasogeza kidogo kidogo ili povu likae katikati. Hesabu yake ilikuwa kwamba akiupata mlalo ulionyooka, atazungusha digrii tisini, naye atakuwa amepata chini.

"Dada, unachukua kifaa cha kazi bila kuniambia?"

"Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Na hiyo iliwahi kuanguka kutoka ghorofani. Inadanganya."

Aliganda. Tangu asubuhi alikuwa anaiamini kwa kila kitu.

"Sasa mnajengaje na kitu kinachodanganya, mdogo wangu?"

"Tunaigeuza."

Nikaiweka juu ya meza ya maabara, baada ya kuamriwa kunawa mikono. Nikamwonyesha jambo ambalo mwashi hufundishwa wiki ya kwanza. Unasoma povu, kisha unageuza pima maji, kichwa cha huku kiwe kule, unasoma tena. Kama mara ya kwanza povu limekimbilia kulia, sasa litakimbilia kushoto kiasi kile kile. Mlalo wa kweli uko katikati ya hizo mbili.

Dada aliigeuza pima maji mwenyewe, mara mbili. Namjua, akizama namna ile usimguse.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "nikiulaza mkono upande huu nikapiga alama, halafu nikaulaza upande wa pili, kichwa kile kile cha pima maji kikiangalia mzigo, nikapiga nyingine..."

"Kosa litalingana pande zote mbili."

"Na katikati ya alama mbili ndiyo chini barabara. Hata digrii sizihitaji."

Mimi nimejenga nyumba za watu miaka kumi na minane na sikuwahi kufikiria kufanya hivyo. Alipiga alama zake mbili kwenye mhimili wa kwanza. Akakata ukanda wa karatasi, akauzungushia mhimili kutoka alama hii hadi ile, akaukunja nusu kwa nusu, na mkunjo ulipoangukia akakwaruza mstari kwa ncha ya patasi yangu. Safari hii alikwaruza kweli kweli.

Ijumaa saa tisa alasiri bodi ilitoka nje ikiwa na suti zake na jua kali. Dada aligusanisha alama, akawasha, akaiamrisha mashine. Kifuniko hakukitoa mpaka darubini ilipolipa jua mgongo, maana jua likiingia humo hupofusha. Akachungulia, akasogea pembeni. Mwenyekiti wa bodi akainama na kukaa hapo muda mrefu.

"Kuna kipande cheupe," alisema. "Kama ukucha uliokatwa."

"Ni Zuhura," dada alisema.

Mjumbe mmoja mnene akacheka kidogo. "Labda umeibahatisha tangu jana, mama. Hebu izime."

Nilitaka kumjibu. Dada akanizuia kwa jicho, akazima umeme. Akalegeza mihimili yote miwili na kumwambia yule bwana aizungushe darubini apendavyo, naye akaizungusha kwa moyo wote, kama anasaga nafaka. Kisha dada akairudisha taratibu, mstari kwa mstari, akakaza, akawasha. Mota zikalia na kunyamaza.

"Karibu," akamwambia.

Mjumbe akainama. Alipoinuka hakuwa anacheka tena. Akarudi kuchungulia mara ya pili, na wenzake wakaanza kumvuta koti wapate nafasi. Mara ya tatu walizima wenyewe, dada akaanza upya kwenye mistari yake. Zuhura ilikuwa pale pale.

Mwenyekiti akamgeukia mkuu wa shule. "Mliniambia hakuna mtaalamu wa kuitumia."

Mkuu alimtazama dada yangu, mwenye koti la maabara na mikono iliyochubuliwa na sabuni.

"Nilikosea," alisema. "Mtaalamu ni huyu. Darubini haiendi popote."

Dada alishika nguzo ya zege, machozi yakamtoka mbele ya bodi nzima, na wala hakuyafuta.