Kichupa cha Kupe

Mama yake fundi wa kushona alikuwa amesahau mambo mengi, lakini kupe hakumsahau. Jina la marehemu mumewe lilikuwa limemtoka. Chai aliinywa, kisha akalalamika kwamba katika nyumba hii watu wananyimana chai. Hata binti yake wa kumzaa, aliyekuwa akimwogesha na kumlisha, alimwita "fundi" tu, kama mteja aliyekuja kupunguziwa sketi.

Lakini mchana, kivuli kilipoingia kibarazani, aliburuta kigoda chake, akaweka kichupa cha spiriti karibu na mguu, akaita, "Soksi." Na Soksi, jibwa la kahawia lenye miguu minne myeupe, alikuja mbio kujilaza mbele yake, tumbo juu, macho ameyafumba, kama bwana aliyelipia kunyolewa ndevu.

Bibi huyo alikuwa ametumia ujana wake wote kwenye josho, ng'ombe wanapoogeshwa dawa ya kuua kupe, na mpaka sasa majirani walimwita Bibi Josho. Kupe alimjua nje ndani. Watu wanaomchoma kwa kiberiti au kumpaka mafuta ya taa aliwaona mazuzu. Kupe ukimkasirisha, alikuwa akisema, anatapika uchafu wake humo humo kwenye damu. Yeye alichambua manyoya, akambana kwa ncha za kucha pale pale kwenye ngozi, akamvuta taratibu bila kumpinda mpaka akaachia, kichwa na vyote. Kisha akamtumbukiza kichupani. Kumpasua ilikuwa marufuku, na kumtupa chini ndiyo usiseme, maana jike lililoshiba likifika mchangani linataga mayai ya kuutosha mtaa mzima. Jioni fundi alikwenda kukimwaga kichupa chooni, akarudi, wakanawa wote wawili kwa sabuni.

Saa hiyo ya kupe bibi hakuuliza yuko kwa nani, wala hakulia akitaka kurudishwa kwao. Mikono iliyokuwa ikitetemeka kwenye kijiko haikutetemeka kwenye kupe. Fundi alishona huku akichungulia kutoka kwenye cherehani, akamwona mama yake wa zamani, yule mkali, mwenye kazi yake. Aliipenda saa hiyo kuliko kitu chochote alichobaki nacho.

Basi siku moja daktari wa mifugo akaja kumchanja Soksi, akaona kupe, akatikisa kichwa. Akamvalisha shingoni mkanda wa dawa, akasema mbwa asivuliwe. Mkanda ulifanya kazi yake. Baada ya muda si mrefu Soksi alikuwa safi, ukimtafuta kupe hata wa dawa humpati.

Mwenye akili zake timamu angeshukuru. Bibi Josho aliburuta kigoda, akachambua manyoya kutoka masikioni hadi mkiani, akarudia, akarudia tena. Alipokosa, alizibana chuchu za mbwa akidhani ndio wenyewe. Soksi alilia lakini hakumng'ata, jibwa lenye adabu kuliko watu wengi ninaowajua. Kisha bibi akahamia kwenye mikono yake mwenyewe. Alibana kila doa la uzee, akavuta mpaka damu ikatoka, huku akilia kwamba amefukuzwa kazi na hakuna anayemwambia kosa lake. Fundi alimfunga vitambaa, bibi akavifungua. Ikawa hivyo mchana kutwa, kesho yake vile vile, na kesho kutwa.

Ni rahisi kumlaumu fundi ukiwa hujawahi kumsikia mama yako akilia hivyo. Alichukua mkasi wake wa kitambaa, akaukata ule mkanda, akauficha chini kabisa ya kopo la vifungo. Kisha akafungua mlango wa uani, akamwachia Soksi aende kwenye majani marefu kule nyuma wanakopita ng'ombe. Akatazama huku na huku kama mwizi. Akajiambia hakuna madhara: mama akishamaliza, yeye mwenyewe atapitia mle ambamo macho ya mama hayafiki, katikati ya vidole na ndani ya masikio.

Na kweli alipitia. Kupe walirudi, bibi akarudi kazini, vidonda vya mikononi vikakauka. Siku moja alimfokea fundi kwa kuweka kichupa juani, na fundi akacheka mpaka akajifuta machozi, kwa jinsi alivyoyakosa makaripio hayo.

Kisha shule zikakaribia kufunguliwa. Sare zikarundikana mpaka cherehani haikuonekana, wazazi wakawa wanagonga mlango kabla jua halijachomoza. Jioni fundi alisema ngoja nimalizie kola hii, halafu mfuko huu, halafu akalala palepale na sindano mkononi. Masikio ya Soksi yakasubiri kesho, na kesho nayo ikawa na sare zake.

Alishtuka siku Soksi alipoacha chakula. Akasingizia joto. Lakini mchana, bibi alipoita, mbwa alikuja akiyumba, akakojoa njiani mkojo mwekundu, na badala ya kulala chali akajibwaga. Bibi akaanza kumchambua bila haraka. Alipoingiza kidole sikioni, akasita.

"Nani kamwacha mnyama hivi?" aliuliza.

Fundi alipiga magoti. Ndani ya sikio kupe walikuwa wamejazana, wamenona, wengine juu ya wengine.

"Sijui, mama."

"Mtu gani anaacha mbwa analiwa mpaka masikioni? Angekuwa mwanangu ningemchapa."

Fundi aliinuka. Alimwacha mama yake akiwatoa mmoja mmoja, akakimbia kumwita daktari.

Daktari alifunua mdomo wa Soksi, akaonyesha fizi zilivyokuwa nyeupe. Homa ya kupe, alisema, tena imeshamaliza damu. Akamchoma sindano, lakini usoni mwake hamkuwa na tumaini lolote. Wakati akifunga mkoba akauliza mkanda uko wapi.

"Ulipotea, daktari."

"Sasa dada, si ungeniambia tu? Ningekuletea mwingine."

Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliomkata fundi maini. Angetukanwa angepumua.

Soksi alikufa asubuhi, kichwa chake kikiwa juu ya rundo la sare ambazo hazijatiwa vifungo. Fundi alichimba shimo mwenyewe nyuma ya nyumba. Akalimwaga kopo la vifungo sakafuni, akautoa mkanda, akamzika nao. Alijua kwamba ni yeye aliyemuua, na alijua pia kwamba hatamwambia mtu yeyote.

Kivuli kilipoingia kibarazani, kigoda kikaburutwa.

"Soksi," bibi aliita. Akangoja kidogo. "Soksi." Mikono ikaanza kutetemeka, kucha zikatafuta pa kushika, zikaanza kuparura mkono mwingine pale penye makovu mapya.

Fundi aliacha cherehani. Akatoka, akaketi chini mbele ya mama yake, akafungua kilemba, akakilaza kichwa chake kwenye magoti yale. Mikono ikatulia. Vidole vikachambua nywele taratibu mpaka nyuma ya sikio, vikakuta kidutu cheusi alichozaliwa nacho, kile ambacho zamani mama alipenda kusema kwamba kwa hicho angemtambua mwanawe hata kizani.

"Tulia, Soksi," bibi alisema. "Huyu ameng'ang'ania."

Kucha zikabana pale pale kwenye ngozi, zikavuta taratibu, bila kupinda. Fundi akafumba macho, akatulia.