Ndiyo ya Rula

Mwanangu tulimbandika jina la Rula akiwa na miaka saba, kwa sababu hakuna kitu nyumbani kilichokaa upande akakiacha. Mimi ni fundi cherehani, na mstari wake wa kwanza aliuchora kwa chaki yangu, tena juu ya kitambaa cha mteja. Nilimfokea siku ile mpaka sauti ikakauka. Halafu nikapitisha mkasi juu ya mstari ule ule, maana ulikuwa umenyooka kuliko wangu.

Basi huyo ndiye aliyepata nafasi ya kwenda nchi ya watu kusomea uchoraji wa majengo. Lugha yao aliisoma mwaka mzima kabla ya kuondoka, kamusi hata chooni anaingia nayo. Akanitumia picha ya chumba chake: kadogo kama kabati, meza ya kuchorea imebanana na kitanda, viatu vimepangwa mlangoni. Nikasema huyu ni wangu, hajabadilika.

Mwaka wa pili mchoro wake wa ngazi ukafanana na wa mwenzake aliyekaa naye meza moja. Mwalimu akamwita ofisini, akamuuliza kwa lugha yao, "Hukunakili?" Rula, kwa adabu zake zote, akajibu, "Ndiyo." Yaani ndiyo, ni kweli, sikunakili. Si ndivyo tunavyojibu sisi? Kumbe kwa wenzetu, ukiulizwa hivyo ukasema ndiyo, umekiri! Mwalimu hakuuliza la pili. Akaandika kwamba mwanafunzi amekubali kosa, na Rula akaitwa mbele ya kamati ya walimu watatu. Akishindwa kujieleza, afungashe virago arudi nyumbani.

Mimi sikuwa na habari. Mtoto alinificha, eti anaogopa presha yangu.

Asubuhi moja nilikuwa nimezama kwenye sare za shule, simu ikalia. Nikaibana kwa bega huku mguu unaendelea kukanyaga cherehani.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kwema huko?"

"Kwema. Mama, hujanywa chai?"

"Ndiyo. Tangu niamke sijatia kitu mdomoni."

"Na zile sare, hujamaliza?"

"Ndiyo, zimebaki kumi! Na wewe ndiye unanichelewesha. Una nini leo?"

"Mama, hujawahi kunipiga?"

Hapo nikasimamisha cherehani. "Ndiyo, sijawahi. Lakini leo ungekuwa karibu ningeanza! Mtu mzima unapiga simu kutoka ng'ambo kuniuliza upuuzi?"

Nikasikia watu wanacheka, tena wengi. Simu ikakatika. Jamani, nilikasirika! Nikaenda kwa Mama Vifungo, jirani anayeuza uzi na vifungo mlango wa pili, nikamwambia mwanangu siku hizi ananifanya kichekesho cha marafiki zake.

Jioni akapiga tena, analia na kucheka kwa pamoja. Kumbe asubuhi alikuwa mbele ya kamati, simu iko kwenye spika, mkalimani anawatafsiria neno kwa neno. Alikuwa amewaambia, "Ninaye shahidi wa neno langu, na mwenyewe hajui kwamba anatoa ushahidi." Aliyecheka wa kwanza ni yule yule mwalimu. Wakamtaka achore ngazi nyingine papo hapo, kila mmoja akitoa vipimo vyake. Akainama, akachora, ikatoka sawasawa. Mwalimu akalikata lile neno "amekubali" kwa kalamu yake mwenyewe na kumwomba radhi.

Nilivimba kichwa, sifichi. Sijawahi kupanda ndege, lakini nimetoa ushahidi ng'ambo na nikashinda! Mama Vifungo nilimsimulia hadi akaniomba nimpumzishe.

Mwezi uliopita Rula alirudi na cheti chake. Kabla hajala, alipanga viatu mlangoni. Kisha akaketi kwenye kigoda cha chumba changu cha kushonea, akaniangalia ninavyotunga uzi kwa shida, maana macho yangu si yale aliyoyaacha. Akaninyang'anya sindano, akatunga yeye.

"Mama," akasema, "miaka yote hiyo ulikuwa hapa peke yako. Hujutii kuniacha niende?"

"Ndiyo," nikamjibu, wala sikuongeza neno.