Mpira wa Mwisho Niliourusha Houston

Karatasi zangu zinasema nina miaka hamsini na tisa. Mwili unajua nina sitini na sita. Kwa sababu ya miaka hiyo saba bado naamka alfajiri kwenda kupanga maboksi kwenye ghala moja huku Fort Worth, Marekani, wakati watu wa rika langu wamekaa nyumbani wanalalamikia magoti. Mimi magoti yangu nayalalamikia kazini. Msimamizi wetu hupenda kunipiga bega na kusema, "You're still young, man." Nacheka, maana nikianza kukasirika sitajua pa kuishia.

Miaka hiyo saba ni ya mdogo wangu. Jina ninaloitiwa hapa pia ni lake. Ndiyo maana katika maandishi haya sitaji jina la mtu yeyote, na msomaji anivumilie.

Tulitoka Burundi kwa miguu tukiwa watoto, tukaingia Tanzania. Mdogo wangu alibaki na mama kwenye makazi ya wakimbizi. Mimi sikutulia, nilipofika miaka kumi na sita nilitoroka nikaenda Dar es Salaam, nikapata kibarua kwenye kiwanja cha kriketi cha klabu ya Wahindi. Enzi hizo mpira ulirushwa juu ya mkeka mzito wa kamba za makumbi ya nazi, uliotandikwa kwenye udongo ulioshindiliwa. Kazi yangu ilikuwa kuutandaza, kuuvuta mpaka ukakamae, na kuupigilia misumari mirefu pembeni. Jioni, wenyewe wakishaondoka, nilijirushia mpira peke yangu. Nikagundua kwamba nikizungusha kiganja kwa namna fulani, mpira unang'atwa na yale makumbi na kugeuka ghafla, kama mtu aliyekumbuka kasahau ufunguo nyumbani.

Vikaja vita vya Kagera. Mafuta yakaadimika, wachezaji wengi wakawa wamehamia Uingereza na Kanada. Jumapili moja Kapteni wa timu, aliyekuwa na duka la vitambaa mjini, alihesabu watu wake akapata kumi badala ya kumi na mmoja. Akanitazama nilivyoinama na nyundo yangu. "Wewe," akasema, "weka nyundo chini, njoo."

Ndivyo nilivyoanza. Mipira mipya haikupatikana. Tulikuwa na mmoja tu, na ukifumuka Kapteni alimpelekea fundi viatu aushone. Nilicheza misimu minne. Sina tabia ya kujisifu, lakini hili nitalisema, maana hakuna mwingine wa kulisema: siku moja niliwatoa wapigaji saba kabla ya mapumziko ya chai, na Kapteni, mtu mzima mwenye duka na kitambi, alinibeba mabegani akazunguka nami kiwanja kizima. Siku nyingine mpira ulinivunja kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Hospitali haikuwa na plasta. Kapteni alichukua rula ya shule ya binti yake, akaivunja, akanifunga kidole kwa kipande cha kitambaa cha dukani kwake. Kilipona, ila kilipinda, na kimepinda mpaka leo.

Mkimbizi kuwa nje ya makazi bila kibali lilikuwa kosa. Nilikamatwa sokoni nikiwa na kilo mbili za unga mkononi, nikapakiwa kwenye lori na kurudishwa makazini. Sikumuaga mtu. Baadaye nilisikia kwamba klabuni wanasema nilirudi Burundi nikauawa huko. Sikuwa na njia ya kuyakanusha, na kwa kweli sikuona faida yake.

Miaka ikapita, nikazeekea kwenye shamba la mihogo. Ndipo mdogo wangu akaandikishwa kwenda Marekani, yeye, mkewe na watoto watatu. Majina yalishapelekwa, picha na mahojiano bado. Akaugua malaria, na siku ya nne tukamzika. Kwetu watoto wa ndugu yako ni wanao, hilo halihitaji kikao. Wazee wa ukoo walikaa mara moja tu, wakanikabidhi ule mji wa marehemu. Lakini kwenye karatasi za Wamarekani palikuwa na mume aliye hai. Mjane alinijia na mtoto mgongoni, akasema, "Shemeji, tukisema amekufa wanatuanzisha upya. Hawa watoto watazeekea hapa." Mimi sikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Basi siku ya mahojiano lilipoitwa jina la mdogo wangu, nilisimama.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu inakaribia miaka ishirini na bado naikanyaga. Mtoto mkubwa sasa ni nesi, ana nyumba DeSoto. Wawili wadogo wananiita baba na hawajui kwamba kuna baba mwingine chini ya udongo wa Tanzania. Likijulikana, uraia wa wote uko hatarini. Hilo nimelala nalo na kuamka nalo tangu siku tuliyoshuka kwenye ndege.

Kule ghalani kuna Mhindi wa Tanzania, dereva wa mashine ya kunyanyulia mizigo, ambaye kila Jumapili anacheza kriketi kule Lewisville. Hajawahi kujua kwamba ninaujua mchezo huo. Siku moja wakati wa mapumziko akaniambia, "Mzee, wazee wa kriketi wa nyumbani wanakutana Houston wikiendi ijayo. Ku-drive ni juu yangu. Twende ukale biriani, huko kwako Haltom City utaozea kwenye kochi."

Mke wangu, maana sasa ni mke wangu, aliniambia nisiende. Alisema, "Unakwenda kutafuta nini huko? Aliyekuwa huko amekwisha." Sikio la kufa halisikii dawa. Nilipiga pasi shati langu jeupe, nikaenda.

Kiwanja kilikuwa nje ya mji, nyasi zimekatwa vizuri mno, joto la Houston limetukalia shingoni. Kabla ya chakula walitutaka tusimame, wakasoma kwenye kipaza sauti majina ya wachezaji waliotangulia mbele ya haki. La tisa lilikuwa langu. Walilisoma kamili, na kuongeza kwamba niliuawa Burundi nikiwa kijana. Nilivua kofia kama wenzangu, nikainamisha kichwa. Nilikuwa na hasira, sijui na nani hasa.

Kisha nikamwona Kapteni. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amekonda, kile kitambi chote kimekwisha. Nilipaswa kwenda upande wa pili. Badala yake nilipanga foleni na watu kwenda kumwamkia, nikijiambia kwamba macho yake yameshachoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema, akanishika mkono, na hakuuachia. Kidole gumba chake kilishuka polepole mpaka kwenye kidole changu cha mwisho, kikasimama pale kilipopinda. Akainua uso akalitaja jina langu, lile la kweli. Sikuwa nimelisikia likiitwa nigeuke tangu nilipowasili nchi hii.

"Umenifananisha, mzee wangu," nikasema.

"Kidole hiki nilikifunga mimi! Kwa rula!"

Bintiye alikuja haraka, mama wa makamo sasa, yule yule mwenye rula. "Samahani sana, uncle," akaniambia. "Baba siku hizi anachanganya mambo. Jana alimwita mjukuu wake kwa jina la marehemu mama."

"Sichanganyi!" Kapteni akafoka, na watu wakaanza kugeuka. "Mpeni mpira. Arushe mmoja tu. Kama si yeye nitanyamaza."

Dereva wa ghalani akacheka. "Rusha tu, mzee, umfurahishe babu wa watu."

Wakanipa mpira, mwekundu, mpya. Vidole vyangu vilijipanga vyenyewe juu ya mshono kabla sijaviomba. Kapteni alikuwa ameegemea mbele kwenye kiti chake, mdomo wazi kama mtoto anayengoja pipi. Nilijua kabisa ninachoweza kumpa. Mwili huu mbovu ungeweza, mara moja tu, na angeondoka duniani akijua kwamba akili yake ni nzima.

Nikawafikiria watoto. Nikavikunja vidole, nikaushika mpira kama mtu anayeshika embe, nikaurusha kama anayemfukuza mbwa. Ulidunda karibu na miguu yangu, ukabingirika nje kwenye nyasi. Watu wakacheka kwa upole, kama wanavyomcheka mzee aliyejitahidi.

Kapteni hakucheka. Aliutazama mpira mpaka uliposimama. Kisha akaegemea nyuma.

"Siye," akasema. "Yule alikuwa anajua." Akanigeukia, na adabu yake yote ya zamani ikamrudia. "Nisamehe, bwana. Nimekuaibisha mbele ya watu. Uzee."

"Hakuna neno, mzee," nikamjibu.

Bintiye akakisukuma kile kiti kuelekea kivulini. Nilimsikia Kapteni akimwambia, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba ni kweli, kichwa chake kimeharibika, na kwamba kuanzia leo wasimsikilize.

Nilirudi nyumbani jioni. Mke wangu alikuwa anachambua maharage ya kesho mezani, hakuinua kichwa.

"Walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ukawajibu nini?"

Nikamwonyesha mkono wangu wa kulia, nikavikunja vidole kama nilivyovikunja kule kiwanjani. Aliutazama, akaushika, akaulaza juu ya meza karibu na maharage. Kisha akaniita kwa jina la mdogo wangu, akaniambia ninawe, chakula kiko tayari.