Plagi Iko Moto

Pikipiki niliyopewa kule Karurumo ilikuwa na adabu asubuhi tu. Ukiipiga teke kukiwa bado na umande, inawaka mara moja na kunguruma vizuri, utadhani imetoka dukani jana. Ngoja sasa uteremke kule chini kwa wafugaji wa mbuzi, jua likupate na injini ipate joto. Inaanza kukohoa. Inaruka mdundo, inashika, inaruka tena, pa! Halafu unabaki katikati ya miiba umekalia chuma kilichokufa, na chanjo inapata joto kwenye kikasha chake.

Nilikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo. Wenyeji waliniita "ndagitari" kwa lafudhi yao, kwa heshima kubwa, hata waliponikuta ninasukuma. Kwetu ni Meru, na mke wangu alikuwa Timau, akifanya kazi kwenye shamba la maua na kulala na mtoto wetu katika chumba chenye baridi ya kuumiza meno. Mtoto alijifunza kutembea mimi sipo, akajifunza kusema mimi sipo. Nilipokwenda likizo alijificha nyuma ya mamake akauliza huyo mgeni ataondoka saa ngapi. Majirani walicheka. Mimi niliumia.

Ndiyo maana niliomba uhamisho, nao ukakubaliwa: nafasi ilikuwa imepatikana Timau kwenyewe. Lakini mkubwa wetu pale Embu mjini alikuwa na sharti. Pikipiki irudishwe ofisini ikitembea yenyewe, na aisikie kwa masikio yake. Aliyenitangulia alikuwa ameirudisha juu ya mkokoteni wa punda, na mkubwa hakuwa amesahau aibu ile.

Nikaipeleka. Kutoka Karurumo hadi Embu ni mwendo wa kutosha kuipasha joto, kwa hiyo tuliingia langoni tukikohoa wote wawili, mimi kwa vumbi.

"Hiyo ina TB!" mkubwa akasema kutoka dirishani. "Rudi nayo ukaitibu. Si wewe ni daktari?"

Nikarudi. Haki, nilitamani kulia. Isipopona, mimi sitoki.

Fundi wa Karurumo alikuwa mzee wa Kiembu, mnene, mwenye ovaroli iliyokauka kwa grisi. Lugha zetu za nyumbani ni majirani, lakini mambo ya injini tuliyazungumza kwa Kiswahili, kile chetu cha huku milimani ambacho hakijawahi kuona bahari. Alifungua plagi, akailaza juu ya injini na waya wake, akapiga teke, akaona cheche. Lakini hiyo ilikuwa asubuhi, injini ikiwa baridi. Akaniuliza:

"Ndagitari, ikikuzimikia huko chini, plagi iko moto?"

"Wacha, mzee! Iko moto sana." Nikamwonyesha vidole nilivyoungua nikiifungua.

"Basi kama iko moto, shida ni petroli."

Akashika kabureta, na hakuiachilia. Aliisafisha, akaipuliza kwa mdomo, akabadilisha mpira wa petroli, akachuja petroli yenyewe kwa kitambaa, akanilaumu kwamba ninauziwa iliyochanganywa na mafuta ya taa. Kila nikiteremka inakufa. Kila nikirudi ninasukuma, na swali ni lile lile.

"Lakini plagi ilikuwa iko moto?"

"Iko moto! Unataka niungue mpaka lini?"

Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nikikaa nje ya chumba changu nikitazama upande wa mlima. Nyuma ya mlima ule walikuwa watu wangu wawili. Nilijiona kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti: anazunguka akidhani anaenda mahali, kumbe kamba inazidi kufupika. Hata chakula kilianza kunishinda. Niliichukia pikipiki ile kwa chuki ambayo sijawahi kumchukia nayo binadamu.

Siku moja nikamlipukia fundi. "Leo twende wote, uione ikifa!"

Akapanda nyuma, uzito wake wote. Jua lilikuwa kali, na kabla hatujafika kwa wafugaji ikakohoa, ikasitasita, ikazima. Nikaruka chini, nikaifungua plagi kwa hasira na kumsukumia mbele ya uso.

"Shika! Iko moto ama haiko?"

Aliipokea kwa kitambaa, akairudishia waya, akailaza juu ya injini. Akaniambia nipige teke. Nikapiga. Hakuna kitu. Nikapiga tena, ikatoka cheche moja nyekundu, dhaifu, ikafa.

"Haiko moto," akasema.

"Mzee, imeniunguza sasa hivi!"

"Nani ameuliza kama inaunguza? Nimeuliza kama iko moto! Moto ya kuruka!"

Tukatazamana. Ngai! Muda wote ule alikuwa anauliza habari za cheche, mimi namjibu habari za joto. Mtu wa Mombasa angesema "ina moto" au "ni ya moto," mambo yakaisha. Sisi kila kitu ni iko: chai iko moto, nyumba iko moto, plagi iko moto. Nikamtukana, akanitukana, kila mtu kwa lugha ya mamake ili aseme sawasawa, kisha tukacheka mpaka tukakaa chini.

Ugonjwa ulikuwa kondensa, kidude kidogo kinachofanya cheche ifike kwenye plagi badala ya kupotelea njiani. Kikiwa baridi kinafanya kazi, kikipata joto kinalegea. Fundi aliweka kipya, na pointi mpya, vile vichuma viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche izaliwe, kwani za zamani zilikuwa zimeungua nyeusi. Nikateremka nayo jua la mchana, nikazunguka kwa wafugaji wote, nikarudi nimekaa juu yake. Haikukohoa hata mara moja.

Embu, mkubwa alitoka nje mwenyewe. Akaivuta mafuta ikanguruma, akasikiliza, akawaita wenzake wasikilize.

"Sasa naikabidhi, mkubwa," nikasema.

Akanitazama kwa mapenzi, nami nikaogopa.

"Uikabidhi kwa nani? Kila niliyempeleka kule chini aliniletea kilio cha pikipiki. Wewe umeiponya. Nikikuondoa nimweke nani? Kaa nayo kwanza. Timau nitatuma mwingine."

Nilimwambia nina mke na mtoto kule. Akasema hata yeye ana mke na watoto, akaingia ndani.

Nikaenda posta nikapiga simu shamba la maua. Karani akamwita mke wangu, nikasikia viatu vyake vikija mbio.

"Imepona?" akauliza, hata salamu hakuna.

"Imepona."

Akapiga vigelegele, na wenzake nyuma yake wakaitikia. Nikamsikia akiwaambia, "Anakuja! Si niliwaambia?" Kisha akarudi kwenye simu akihema.

"Unafika leo ama kesho? Niambie nimwambie mtoto."

Niliishika ile simu kwa mikono miwili.